Idd el Fitri na Pishi ya Haki
Mazungumzo yaliyotolewa mjini Sumbawanga katika kusherehekea Idd el Fitri



Kabla ya kanzu mpya na kabla ya pilau, dini imeweka deni moja ambalo halina budi kulipwa: zaka ya fitri. Kwa kila mtu wa nyumba, mkubwa kwa mdogo, hutolewa pishi moja, yaani vibaba vinne, ya chakula cha watu wa mahali pale. Kwetu Ufipa chakula hicho ni mahindi. Nyumba ya watu sita hutoa pishi sita, zipatazo kilo 15 hivi. Aicheleweshaye mpaka baada ya sala huwa ametoa sadaka ya kawaida tu.

Haraka hiyo ina maana yake: asiwepo mtu wa kuamka na njaa siku ya Idd. Wala fitri si hisani ya tajiri. Humlazimu hata maskini aliyebakiwa na chakula kinachozidi mahitaji ya nyumba yake kwa siku hiyo. Hivyo kuli wa ghalani naye ni mtoaji, na heshima yake ni sawa na ya mwenye ghala.

Ndugu wananchi, mwaka wa Kiislamu hupungukiwa na siku 11 hivi, kwa hiyo Idd huzunguka majira yote. Mwaka 2016 ilitukuta Julai, mavuno yakiingia nyumbani. Mwaka 2025 ilikuja mwishoni mwa Machi, mahindi yangali shambani na vihenge vingi vikiwa vitupu. Katika mkoa wetu wa Rukwa, unaosifika kwa kulisha nchi, wapo wakulima ambao wakati huo hununua kwa bei kubwa nafaka ileile waliyoiuza kwa bei ndogo.

Tena wengine waliiuza kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ingawa sheria inalikataza. Mfanyabiashara anunuaye kwa lumbesa wakati wa mavuno, kisha akatoa pishi ya fitri siku ya Idd, amemrudishia kibaba mtu aliyemnyang'anya debe.

Kurani, katika sura ya 83, inaanza kwa kuwaonya wapunjao vipimo. Onyo hilo halikubagua dini ya anayepunjwa. Wakulima wengi wa Ufipa ni Wakatoliki, na haki yao ni ileile. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilikataa mtu kunyonya jasho la mwenzake.

Kwa hiyo masheikh wahubiri mizani kama wanavyohubiri funga. Viongozi wa vijiji wasimamie vipimo msimu wa ununuzi. Nasi wanunuzi tuanze fitri yetu gulioni, kwa kumpimia mkulima kwa haki. Hapo ndipo pishi ya Idd itakuwa na uzito wake kamili.

Idd njema.