Mlingoti na Waya wa Redio: Kuusimamisha na Kuutafutia Kasoro



Nimeombwa nizungumze nanyi habari za waya wa redio na mlingoti wake, yaani ule waya unaopeleka sauti hewani na kuzinasa zinaporudi. Zamani uliitwa eriali, na siku hizi wengi huuita antena. Nafurahi kupewa neno hili, maana watu wengi hulipuuza. Mtu huuza ng'ombe wawili ili anunue mtambo mzuri, kisha huufunga kwenye kipande cha waya kinachoning'inia dirishani, akastaajabu ya kuwa hasikiki hata katika wilaya ya pili. Mtambo wa namna hiyo ni sawa na mtu mwenye sauti kubwa aliyefungiwa ndani ya ghala.

Nasema hasa na wapenzi wa redio, wale wanaozungumza hewani si kwa biashara wala kwa mshahara, bali kwa kujifunza na kusaidiana. Kusikiliza ni jambo moja, na kupeleka sauti ni jambo jingine. Anayetaka kupeleka sauti sharti kwanza apate leseni, ambayo hapa Kenya hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano. Vituo vya wapenzi wa redio wa Kenya hujulikana kwa jina lianzalo na 5Z4. Wakati wa ukoloni yalianza na VQ4.

Kabla sijafika kwenye vipimo, nitawaeleza habari ya Bwana Marconi, kwa sababu ina mafundisho kwa kila asimamishaye mlingoti. Mwaka 1901 alitaka kupeleka ishara kutoka Poldhu, Uingereza, kuvuka bahari mpaka Amerika. Huko Poldhu ilisimamishwa milingoti 20 kwa duara, kila mmoja wa futi 200, yaani kama mita 61. Tarehe 17 Septemba ulivuma upepo mkali, na milingoti yote ikaanguka. Mwezi wa Novemba milingoti mingine ya namna hiyo hiyo ikaanguka huko Cape Cod, Marekani. Sababu yake ilikuwa nini? Vichwa vya milingoti vilikuwa vimefungwa kila kimoja kwa mwenzake, hata kila mlingoti ulimtegemea jirani yake; ulipolegea mmoja, uliwavuta wote. Basi Marconi akajenga milingoti miwili tu badala ya ile 20. Naye mwenyewe akavuka mpaka Newfoundland, akarusha tiara lililochukua waya wa mita kama 150, na tarehe 12 Desemba 1901 akasema amesikia zile nukta tatu za herufi S. Gharama kubwa iliangushwa na upepo, na tiara likafanya kazi.

Sasa tuje kwetu. Antena iliyo rahisi kuliko zote ni waya wa shaba uliokatwa katikati, kila nusu ikaelekea upande wake, na kebo iendayo kwenye mtambo ikafungwa pale katikati. Urefu wake wategemea masafa utakayotumia. Chukua 143, ugawanye kwa hesabu ya megahezi, nawe utapata mita. Kwa megahezi 7.1 utapata mita 20 na sentimita 14, yaani mita 10 na sentimita 7 kila upande. Waya huo utakufaa pia karibu na megahezi 21, kwa kuwa 21 ni saba mara tatu. Lakini usiukate kwa kipimo hicho hasa. Uache uwe mrefu zaidi kidogo, kwa sababu kukata ni rahisi na kuunga ni kazi.

Ncha za waya zifungiwe kwenye vikombe vya kaure au plastiki ngumu, ndipo kamba ifuate. Wakati wa kupeleka sauti, ncha hizo huwa na umeme mkali kuliko sehemu nyingine yo yote ya waya. Yafaa ziwe juu, asipoweza kufika mtoto wala mbuzi.

Je, waya uwe juu kiasi gani? Hapa ndipo watu wanapojihatarisha bure. Mawimbi ya megahezi 7 hupanda hadi kwenye tabaka la hewa lenye umeme, lililo kiasi cha kilometa 300 juu ya vichwa vyetu, kisha hurudi chini. Waya ulio mita 8 au 10 juu ya ardhi hupeleka sehemu kubwa ya mawimbi yake moja kwa moja juu, nayo hurudi na kumwagika kama mvua katika mamia ya kilometa yanayotuzunguka. Kwa hiyo mtu wa Nakuru atakaye kuzungumza na mwenzake wa Voi wakati wa mchana hana haja ya mnara. Akitaka Ulaya au Bara Hindi, na atumie megahezi 14, ambako mlingoti ule ule wa mita 10 unatosha vizuri. Sioni kwa nini mtu anayeanza apande mita 25 angani.

Jambo moja tu nawasihi: msiulaze waya karibu na paa la mabati. Mabati huvuruga vipimo na kula nguvu. Usogezeni waya mbali na nyumba, hata kama itabidi kuongeza kebo.

Mlingoti wenyewe waweza kuwa nguzo ya mutarakwa, ambayo huvumilia mchwa na unyevu kuliko miti mingi. Au mwanzi mnene, ambao ni mwepisi lakini hauishi miaka mingi. Au mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki. Ukipata mti mrefu uliosimama mahali pazuri, tumia mti huo. Lakini mti hucheza na upepo, na waya uliofungwa kwa nguvu utakatika. Tundika kapi juu ya mti, upitishe kamba, na mwisho wa kamba ufunge jiwe au ndoo ya mchanga. Mti ukiinama, jiwe hupanda. Mti ukirudi, jiwe hushuka, na waya haukatiki. Mabaharia wa pwani hawahitaji kufundishwa jambo hili.

Mlingoti wa bomba haufai kusimama kwa nguvu za shimo peke yake. Ushikwe kwa kamba za chuma pande tatu zilizo sawa, na kama unapita mita 8 ushikwe mahali pawili, katikati na karibu na kichwa. Vigingi viwe mbali na shina kiasi cha robo tatu ya urefu wa mlingoti. Kigingi kilichosogezwa karibu kwa ajili ya kuokoa shamba la mahindi huvuta mlingoti kwenda chini badala ya kuuzuia usilale. Na kila mlingoti uwe na kamba zake uendazo mpaka ardhini, usije ukawa kama ile ya Poldhu.

Kubadilisha kamba hizo ni kazi ya hatari kuliko kuzifunga mara ya kwanza. Huko Konstantynów, Poland, palikuwa na mlingoti wa redio wa mita 646, mrefu kupita jengo lo lote duniani wakati wake. Tarehe 8 Agosti 1991 mafundi walikuwa wakibadilisha kamba zake, nao ukaanguka. Kwa bahati njema hakufa mtu. Basi funga kamba mpya kwanza, uikaze, ndipo uifungue ile ya zamani. Wala usiruhusu mtu awe juu ya mlingoti wakati kamba zinapoguswa. Anayepanda avae mkanda imara, na watu walio chini wakae mbali na shina, maana spana iangukayo kutoka mita 10 haichagui kichwa.

Sasa nasema juu ya nyaya za umeme, na nawaomba mnisikilize vizuri. Kabla ya kuchimba shimo, inua macho. Pima urefu wote wa mlingoti pamoja na kilichoko juu yake, uongeze nusu ya urefu huo, na kama kuna waya wa umeme ndani ya nafasi hiyo, tafuta mahali pengine. Usipitishe antena juu ya waya wa umeme wala chini yake, hata ikiwa mwenye nyumba anakuambia ya kwamba umeme umekatwa. Usirushe jiwe lenye kamba kuelekea upande wa nyaya. Mlingoti ukianza kuangukia nyaya, uacheni na mkimbie, maana bomba laweza kununuliwa tena. Na kama mtu amekwisha kunaswa, usimshike kwa mikono, wala usimvute kwa mti mbichi. Zuia watu wasikaribie, ukaite kampuni ya umeme ikate umeme kwanza. Mara nyingi aliyekufa wa pili ni yule aliyekwenda kumwokoa wa kwanza.

Radi nayo ina njia zake. Watu wa Kisii na Kakamega wanaijua kuliko mimi. Fimbo ya shaba ya futi 8 ipigwe ardhini karibu na shina la mlingoti, ifungwe kwa waya mnene ulionyooka, usio na kona nyingi, nayo iungwe na waya wa ardhi wa nyumba ili zote ziwe kitu kimoja. Hata hivyo fimbo haiokoi mtambo ukipigwa hasa. Kinachofaa ni kuichomoa kebo na kuiacha nje ya nyumba kila unapomaliza kazi. Ukisikia ngurumo na hujaichomoa, umechelewa. Toka chumbani humo.

Nimebakiza habari za kutafuta kasoro, na hapo ndipo fundi hujulikana. Ukisikia sauti imepungua, usikimbilie kufungua mtambo. Jiulize kwanza: ilianza lini? Ikiwa ilianza baada ya mvua, tafuta maji. Ikiwa huja na kwenda pamoja na upepo, tafuta kiungo kilicholegea. Kelele zisizokoma hutoka mara nyingi nyumbani mwako mwenyewe. Tia mtambo kwenye betri, zima swichi kuu ya nyumba, usikilize. Kelele zikinyamaza, washa kimoja kimoja, taa, chaja za simu, mashine ya umeme wa jua, mpaka umpate mkosaji.

Kisha shuka kwenye kebo. Ifungue pande zote mbili, upime kwa mita ya umeme kati ya waya wa ndani na ule wa nje. Isipitishe umeme hata kidogo. Ikipitisha, kuna maji au kiungo kimegusana. Kata sentimita chache uangalie: shaba safi hung'aa, na iliyokwisha kunywa maji huwa nyeusi. Kebo ya namna hiyo haikaushiki juani, itupe.

Mita ya mawimbi yanayorudi, ambayo kila mpenzi wa redio huitegemea, yaweza kudanganya. Kebo iliyojaa maji hula nguvu ziendazo na kuzila tena zirudipo, hata mita iliyo chumbani ikaonyesha ya kuwa mambo ni mazuri kuliko jana. Antena iliyopata nafuu yenyewe baada ya masika haijapata nafuu. Panda na mita mpaka pale kebo inapokutana na waya, upime huko.

Ikiwa kebo ni nzima, na mita yaonyesha ya kwamba antena yapatana na megahezi 6.9 badala ya 7.1, waya ni mrefu mno. Zidisha urefu wa sasa kwa 6.9, ugawanye kwa 7.1. Mita 20 na sentimita 14 itakuwa mita 19 na sentimita 57. Kwa hiyo punguza sentimita 28 kila upande. Kunja ncha kwanza na kupima tena kabla ya kutumia mkasi.

Kila kiungo cha nje kilehemiwe, kisha kifungwe kwa utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu, kama makuti ya paa yanavyolaliana. Na kebo, kabla ya kuingia ukutani, ishuke chini ya tundu na kupanda tena, ili maji yadondoke hapo nje. Kazi hii haimalizi dakika kumi. Ifanyeni mwezi wa Februari kabla ya masika, na tena mwezi wa Septemba kabla ya vuli, na siku hiyo hiyo mkague kamba za mlingoti, vigingi na mkanda wa kupandia.