Pensheni Hufuata Daftari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya kustaafu na pensheni kwa watumishi wa Serikali. Jambo hili latuhusu sote, maana ni nadra kuona nyumba katika Chama hiki isiyo na mwalimu, karani, askari polisi, muuguzi au tarishi. Na kila aliyeingia kazini hana budi kutoka. Tena mfuko wetu wa maafa huombwa kuwasaidia watu ambao kwa haki hawakupasa kuomba, kwani walikuwa na mali yao Serikalini ila hawakuwa na hati za kuidai. Kwa hiyo tumeona yafaa tuseme wazi namna mali hiyo inavyopatikana na namna inavyopotea.

Kwanza, umri. Kwa miaka mingi mtumishi wa Serikali katika Kenya alistaafu akiwa na miaka 55. Mwaka 2009 umri huo uliongezwa ukawa miaka 60, na kwa walemavu ni miaka 65. Atakaye kuondoka mapema aweza kufanya hivyo tangu miaka 50. Wako vijana waliolalamika mwaka ule kwamba wazee wameongezewa miaka mitano ya kukalia viti. Wako na wazee wasemao kwamba mtu wa miaka 60 angali na nguvu na akili. Kila upande una hoja yake. Lakini sheria ikishaandikwa haitazami cheo. Mwaka 2016 Naibu wa Jaji Mkuu, Bibi Kalpana Rawal, alidai mahakamani kwamba astaafu kwa miaka 74 kama ilivyokuwa katika katiba ya zamani aliyoajiriwa chini yake. Mahakama ya Rufani iliamua kwamba katiba ya 2010 imeweka miaka 70, naye akaondoka. Ikiwa jaji mkubwa hakupata kuusogeza mpaka huo, karani na tarishi wasijidanganye.

Yatupasa kuangalia pia tarehe ya kuzaliwa. Wazazi wetu wengi walihesabu miaka kwa njaa, kwa nzige na kwa marika, na walipoajiriwa waliandikiwa mwaka kwa kukisia. Tarehe iliyoandikwa katika jalada siku ya kuajiriwa ndiyo ifuatwayo. Kutaka kuibadilisha mwaka wa mwisho wa kazi ni kutafuta mashaka.

Pili, hesabu. Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, ambayo ilianza kutumika mwaka 1946, haina siri. Mtumishi aliyethibitishwa katika kazi ya kudumu, na aliyetumika miaka 10 au zaidi, hupewa sehemu moja katika 480 ya mshahara wake wa mwaka kwa kila mwezi aliotumika. Tuchukue mtu aliyetumika miaka 30, yaani miezi 360, na ambaye mshahara wake wa msingi wa mwisho ni shilingi 40,000 kwa mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka. Pensheni yake kamili ni shilingi 360,000 kwa mwaka. Akichagua kupokea kiinua mgongo, robo yake, yaani 90,000, huzidishwa mara 20, naye akapokea shilingi 1,800,000 kwa mkupuo mmoja. Robo tatu iliyobaki ni 270,000 kwa mwaka, ambayo ni shilingi 22,500 kila mwezi.

Ndugu zetu, tazameni mambo mawili katika hesabu hiyo. Posho ya nyumba haimo. Aliyezoea mshahara na posho pamoja, ataona mapato yake ya mwezi yamepungua sana, na kodi ya nyumba mjini haitapungua hata senti moja. La pili, kila mwezi wa utumishi una bei yake. Kwa mtu huyo mwezi mmoja ni shilingi 1,000 kila mwaka. Tuseme alianza kwa miaka mitano ya kazi ya muda, kisha akathibitishwa bila kukatika. Miaka hiyo yaweza kuhesabiwa, lakini shurti barua ya kwanza ionekane. Barua isipoonekana, miezi 60 huanguka: kiinua mgongo hupungua kwa shilingi 300,000, na pensheni kwa shilingi 3,750 kila mwezi, mpaka kufa kwake. Karatasi moja, ndugu zetu! Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wazee wetu wanajua zaidi yetu kwamba pensheni ni kivuli cha mshahara. Mti ukiwa mfupi, na kivuli huwa kifupi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliiacha desturi ya kumlipa Mwafrika sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu aliyefanya kazi ya cheo kile kile. Tume ya Lidbury ndiyo iliyotaka desturi hiyo ifutwe, mwaka 1954. Aliyestaafu kwa mshahara uliopunguzwa namna ile alipunjwa mara mbili: siku za nguvu zake na siku za uzee wake. Kwa sababu hiyo twasema kwamba ugomvi wa mishahara usidhaniwe kuwa ni wa vijana tu. Anayedai cheo chake cha haki leo, anadai chakula cha uzeeni.

Tatu, mfuko mpya. Tangu tarehe 1 Januari 2021 ulianza mfuko wa pensheni ambao watumishi wenyewe huuchangia, kufuatana na sheria ya mwaka 2012. Waliokuwa na umri usiofika miaka 45 siku ile waliingizwa kwa lazima. Waliofika 45 na kuzidi walipewa hiari. Mtumishi alikatwa asilimia 2 ya mshahara katika mwaka wa kwanza, 5 katika mwaka wa pili, na 7.5 tangu mwaka wa tatu. Serikali hutia asilimia 15. Katika utaratibu wa zamani mtumishi alisubiri Hazina imlipe kutoka kodi za nchi. Katika huu mpya, fedha huwekwa kwa jina lake na kuzaa faida. Lakini wajibu umehamia kwake: yampasa asome taarifa ya akiba yake kila mwaka, na aone kwamba fungu lake na la Serikali yote mawili yameingia. Asiyesoma atajua upungufu siku ambayo hana tena mwajiri wa kumwuliza.

Sasa twafika mahali penye uchungu. Sisi tuliokaa katika meza za makarani tumewaona wajane wakija na mfuko wa karatasi, au bila karatasi yo yote, wakiulizwa maswali ambayo marehemu peke yake aliweza kuyajibu. Tulimwona mama mmoja ambaye mumewe alitumika zaidi ya miaka ishirini. Ndani ya jalada, jina la mke lilikuwa ni la mke wa kwanza, ambaye alikwisha kufariki. Na watoto wa huyu wa pili hawakuandikwa kamwe. Mama yule alikwenda kwa chifu, akaenda mahakamani, akauza ng'ombe kwa nauli. Hakuna aliyemwibia. Mumewe alikuwa mtu mwema aliyeahirisha kujaza karatasi moja. Na wakati ni mali hapa: pensheni ya wategemezi chini ya sheria ya zamani hulipwa kwa miaka mitano tangu kifo, na baada yake linalobaki ni lile fungu la wajane na watoto, kwa mtu aliyelichangia.

Lipo pia jaribu la kiinua mgongo. Mtu ambaye hajapata kushika shilingi laki moja kwa pamoja, ghafula hushika milioni na zaidi. Siku hiyo huwa na ndugu wengi. Huja dalali wa viwanja, huja rafiki mwenye matatu ya kuuza, huja na yule asemaye kwamba anajua mtu ofisini wa kuharakisha malipo kwa ujira mdogo. Huyu wa mwisho afukuzwe mlangoni, maana haki haina dalali. Na hao wengine wangoje miezi sita. Kiwanja cha kweli kitakuwapo, na hati yake itaweza kuchunguzwa katika ofisi ya ardhi.

Bwana Mwenyekiti, twaomba Chama kikubali mambo manne. Kwanza, kila mwanachama aliye kazini aweke katika bahasha moja nakala za barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa, barua za kupandishwa cheo na za uhamisho, kitambulisho, na hati za mishahara. Na mtu mmoja nyumbani ajue bahasha iko wapi. Pili, atazame majina ya wategemezi wake katika jalada kila anapooa, anapozaa au anapofiwa. Tatu, aliyebakiwa na mwaka mmoja kazini aanze kufuatilia jalada lake, na kumaliza madeni na vifaa vya Serikali alivyo navyo. Nne, Chama kichague makarani wawili watakaokaa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kuwasomea na kuwaandikia barua wazee na wajane bila malipo. Sisi tu tayari kuwa miongoni mwao.

Wako watakaosema kwamba mambo ya uzee na kifo hayafai kunenwa mapema. Twawajibu kwa heshima kwamba Serikali yenyewe imekwisha yanena: siku ya kwanza ya kazi iliandika na siku ya mwisho. Kilichoachwa mikononi mwetu ni kuzitunza karatasi zilizo katikati. Tukizitunza, mfuko wetu wa maafa utawasaidia yatima wasio na haki po pote pengine, nao waliotumikia nchi watakula jasho lao wakiwa wameketi barazani kwao, bila kumwomba mtu.