Maji ya Mlima: Jibu Tulilolikosea Darasani

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake, Maswahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.



Mada tuliyopewa usiku huu ni maji, nasi tumeona tuanze na kosa letu wenyewe. Wanaosoma fiqhi katika kitabu cha Abu Shujaa huanza na mlango wa twahara, na huhifadhi kwamba maji yanayofaa kujitwaharishia ni saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Siku moja, hapa hapa Pangani, mtoto akatuuliza: "Ustadhi, hayo ya theluji nani kati yetu amepata kutawadhia?" Tukamjibu bila ya kusita: wewe mwenyewe. Mto wetu chanzo chake ni Kilimanjaro, na juu ya Kilimanjaro kuna theluji, inayeyuka na kuteremka mpaka hapa. Darasa zima lilifurahi. Nasi tulifurahi, kwani mwalimu hupenda kuonekana anajua.

Baadaye tukasoma yaliyoandikwa na waliouchunguza mlima ule kwa miaka mingi, tukakuta kwamba jibu lile lilikuwa na kosa. Na kosa lenyewe si dogo, kwani linawafanya watu wakitazame kilele cha mlima na wasahau kiuno chake.

Tuanze na kilele. Barafu ya Kilimanjaro ilipopimwa mwaka 1912 ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa mwaka 2011 haikufika 2. Mwaka 2002 mtaalamu wa Marekani, Lonnie Thompson, aliyekuwa ametoboa barafu hiyo na kuichunguza, aliandika pamoja na wenzake kwamba huenda ikatoweka kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 umepita na barafu ipo, ingawa imezidi kupungua. Mwaka 2022 UNESCO nayo ilitaja mwaka 2050. Ujuzi wa saa uko kwa Allah, lakini mwelekeo hauna shaka.

Sasa sikilizeni lile tulilolikosea. Huko juu baridi ni kali na hewa ni kavu, kiasi kwamba sehemu kubwa ya barafu haiyeyuki kuwa maji. Jua likiipiga hugeuka mvuke moja kwa moja na kupotea hewani. Hata ile inayoyeyuka ni kidogo mno kulinganisha na maji yanayotoka mlimani. Waliofanya hesabu wanasema zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo chanzo chake ni msitu ulioufunga mlima kiunoni kama mshipi. Mvua hunyesha kwa wingi humo, ardhi ya msitu ikainywa polepole, kisha ikatoa chemchemi kule chini ambako watu wanaishi.

Na kuna la ajabu zaidi. Katika sehemu ya juu ya msitu huo, ukungu hupita baina ya miti karibu kila siku. Matawi yamevaa manyoya ya kijani na kijivu, na manyoya hayo huunasa ukungu, nao ukawa matone, matone yakaanguka chini. Yaani msitu unakusanya maji hata siku ambayo mvua haikunyesha. Subhana Allah! Sisi tuliokuwa tukiitazama picha ya kilele kwenye kalenda hatukujua kwamba kazi inafanywa na miti tusiyoijua hata majina.

Mtafiti Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, aliyeishughulikia mimea ya mlima huo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, alieleza mwaka 2005 jambo ambalo lilistahiki kelele kuliko barafu. Wengi walidhani kwamba dunia ikipata joto, miti itapanda juu zaidi mlimani. Yeye alikuta kinyume chake: mpaka wa juu wa msitu umeshuka kwa mamia ya mita. Sababu ni moto. Hali ya hewa imekuwa kavu zaidi, moto ukianza hausimami, na miti mirefu ikiungua mahali pake huota vichaka vifupi, visivyonasa ukungu kama miti ile na vinavyoshika moto upesi. Oktoba 2020 mlima uliwaka kwa siku kadhaa, na mamia ya watu walipanda kuuzima. Oktoba 2022 ukawaka tena. Huku chini msitu uliliwa na shoka. Upimaji wa kutoka angani wa mwaka 2001 ulionyesha matanuri ya mkaa na mikulo iliyokatwa kwa ajili ya mbao. (Wengine huuita mkulo mkafuri, lakini siyo ule wa kafuri tunayowatilia maiti.)

Ndugu zetu, wako watakaosema: haya ni maneno ya wazungu, sisi tuna Qur'ani. Tunawaomba waisome Suratu Faatir, aya ya 27 na 28. Allah (s.w.t.) anataja maji aliyoyateremsha kutoka mbinguni, kisha matunda, kisha njia zilizomo milimani, nyeupe, nyekundu na nyeusi sana, kisha watu na wanyama kwa rangi zao. Baada ya kuyataja hayo ndipo anapotaja kwamba wanaomcha katika waja Wake ni wanazuoni. Tumekuwa tukiisoma sehemu ya mwisho kwenye mahafali ya madrasa, na milima tunaiacha nje ya ukumbi.

Na sharia yetu imeshaingia katika jambo la maji ya mlimani. Amepokea Bukhari kwamba Zubeir (r.a.) aligombana na mtu wa Madina juu ya mfereji uliokuwa ukiteremka kutoka Harra na kunywesha mitende yao. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza Zubeir, aliyekuwa juu, anyweshe kisha amwachie jirani yake maji. Wachagga waliochimba mifongo yao karne nyingi zilizopita wanaielewa hukumu hii kuliko sisi. Aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini aliye chini ana haki ya kufikiwa. Basi ikiwa mwenye kuzuia mfereji anakemewa, hali ya mwenye kuichoma chemchemi yenyewe itakuwaje? Na aliye chini kuliko wote ni sisi. Maji yale hukusanyika Nyumba ya Mungu, hupita Korogwe na Hale yakizungusha mitambo ya umeme, na yanayobaki ndiyo yanayofika kwetu. Wenye mashamba karibu na mdomo wa mto wanajua mto ukipungua nguvu ni nani anayepanda: ni bahari.

Mtasema, sisi wa pwani na moto wa Kilimanjaro wapi na wapi? Jibu liko mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa. Moto mwingi wa msituni huanzishwa na wanaorina asali kwa mienge ya moto. Na asali ni dawa kwa ushahidi wa Qur'ani, nasi tunainunua kwa pupa, hasa tukiambiwa ni ya msituni. Tulimuuliza muuzaji mmoja asali yake imerinwa vipi. Alisema hakuna mteja aliyewahi kumuuliza hivyo. Aliporudi wiki ya pili alikuwa na jibu: ni ya mwenge. Hatukununua, wala hatukumtukana, ila tulimwomba atafute kwa wenye mizinga wanaotumia bomba la moshi. Ameahidi. Tunawaomba nanyi mumuulize, kwani akiulizwa na mtu mmoja atasahau, akiulizwa na safu nzima hatasahau.

Ama yule mwanafunzi, tulimwita tukamwambia mbele ya darasa kwamba tulimjibu vibaya, na kwamba maji ya mto wake ni ya mvua na ukungu zaidi kuliko theluji. Alifikiri kidogo, akauliza: "Basi ustadhi, ukungu ni wa ngapi katika yale saba?" Tukamwambia unaingia katika yale ya kwanza, kwa kuwa nao umeteremka kutoka juu. Safari hii tulifungua kitabu kwanza kabla ya kumjibu.

Wallahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.