MPIRA WA KUKANDA MISULI, NA MZIGO ULIO JUU YAKE
(Maneno aliyosema mjumbe wa wabebaji mbele ya mkutano wa wanachama, Mutuini)



Naona wengine wanacheka kwa kuwa nimekuja mkutanoni na mfuko wa mipira ya tenisi. Chekeni tu, mimi pia nilicheka siku ya kwanza. Lakini nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, maana habari hii inaanza na mpira na inakwisha kwa mwajiri.

Mimi si daktari. Mimi ni mbebaji, na nimebeba miaka kumi na tisa. Yale nitakayosema mengine nimeyapata kwa mgongo wangu mwenyewe, na mengine kwa kuwauliza waliosomea kazi hiyo.

Kuna wakati nilifanya kazi katika godauni moja, sitalitaja jina. Tulikuwa tunashusha viazi tangu saa kumi za usiku. Baada ya miezi michache nikapata maumivu kati ya mfupa wa bega na uti wa mgongo, upande wa kulia, kama mtu amenichoma msumari akauacha humo. Mkono ukawa mzito. Usiku nikigeuka naamka. Nikaanza kununua vidonge vya maumivu dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Ndugu zangu, wengi wenu mnafanya hivyo hivyo, nawajua. Vidonge vile vingi, vikinywewa kila siku bila daktari, vyaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo.

Basi nikaenda hospitali. Mama mmoja wa idara ya viungo akanipima, akanishika pale pale penye msumari, nikaruka. Akaniambia, "Baba, nenda utafute mpira wa tenisi." Nilidhani ananidhihaki. Nikaupata kwenye mitumba, umechakaa, manyoya yametoka nusu.

Kazi yake ni hivi. Simama na mgongo kwenye ukuta, miguu hatua moja mbele, magoti yamelegea. Weka mpira kati ya ukuta na nyama ya mgongo, kando ya uti wa mgongo, si juu ya mfupa wenyewe. Jisogeze polepole mpaka ukute mahali panaposema "hapa". Hapo simama. Usisugue kama unafua suruali. Egemea, pumua pole pole, nusu dakika au dakika moja, mpaka uone ile nyama imeanza kulegea. Kisha inua mkono wa upande ule na kuushusha mara chache. Ukiona unauma meno au unazuia pumzi, umekandamiza mno, punguza uzito. Fanya hivyo jioni na asubuhi, dakika chache tu. Mtu anayejikandamiza nusu saa kwa hasira huamka kesho na jeraha jingine.

Mipira miwili ndani ya soksi, iliyofungwa fundo, ni bora kwa mgongo wote, maana uti wa mgongo unakaa katikati bila kuguswa. Ndugu zetu madereva wa matatu, ninyi shida yenu ni matako na kiuno: kalia mpira ukiwa kwenye kiti kigumu, sogea taratibu. Na ile pochi mnayoikalia kutwa nzima katika mfuko wa nyuma, itoeni. Makondakta na wale wa machinjioni wanaosimama tangu alfajiri, vua kiatu, kanyaga mpira, uviringishe kutoka kisigino hadi vidoleni. Mama zetu wa cherehani, weka mpira juu ya meza, laza mkono juu yake chini ya kiwiko, bonyeza kidogo. Mama mmoja hapa ameniambia amejaribu kwa kipande cha mbao kilichofungwa kitambaa. Mama, mbao ni ngumu mno, chukua mpira mmoja kabla hujaondoka.

Mtauliza, mpira unafanya nini? Huko Marekani alikuwako daktari mwanamke, Janet Travell, ambaye tangu mwaka 1961 alikuwa daktari wa Rais Kennedy, na Kennedy alikuwa mgonjwa wa mgongo. Travell alitumia miaka mingi kuchunguza mafundo haya ya misuli, na mwaka 1983 yeye na mwenzake David Simons wakatoa kitabu kikubwa juu yake. Alionyesha jambo ambalo kila mbebaji analijua bila kusoma: fundo likiwa begani, maumivu yaweza kusikika kichwani au mkononi. Hata leo madaktari wanabishana fundo hilo ni kitu gani hasa. Wanachokubaliana wengi ni kwamba ukilibonyeza kwa utaratibu, misuli hulegea na mishipa ya fahamu hupunguza kelele zake kwa muda. Kwa muda, nasema. Saa kadhaa, pengine siku moja au mbili. Wale wanaowaambia kwamba mpira unakamua sumu mwilini wanataka fedha zenu. Na ile mipira ya madukani yenye miba miba, ya bei kubwa, sijaona ikifanya kazi ambayo huu wa mitumba hauwezi.

Wala si jambo geni kwetu. Pwani wakandaji wamekuwako tangu zamani, kwa mafuta ya nazi na mikono yao. Tofauti ni kwamba mkandaji anataka nafasi na malipo, na mpira unakaa mfukoni.

Sasa nitasema jambo zito. Tulikuwa na mwenzetu aliyeona mimi nimepona, naye akachukua mpira. Yeye maumivu yake yalishuka kutoka kiunoni hadi unyayoni, na mguu ulikuwa na ganzi. Akajikanda miezi miwili. Alipofika hospitali mguu ulikuwa hauinuki vizuri, na mpaka leo anaburuta kidole. Mimi ndiye niliyempa mpira ule. Kwa hiyo nawaambia bila kuficha: maumivu yakiwa na ganzi au mguu umelegea, nenda kwa daktari. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au ukipata ganzi kati ya mapaja, nenda siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, wapimwe kifua kikuu, maana ugonjwa huo huingia hata katika uti wa mgongo. Shavu la mguu mmoja lililovimba na lenye joto usilikande, pengine damu imeganda ndani. Kifua kikibana na maumivu yakaenda mkono wa kushoto, hiyo si kazi ya mpira kabisa. Mwenye kisukari ambaye nyayo hazisikii asikanyage mpira mgumu, na mama mjamzito aulize kliniki kwanza. Wala mtu asiweke mpira mbele ya shingo.

Nimesema habari hii itakwisha kwa mwajiri. Nilipopata nafuu nilirudi kazini, na wiki ya pili msumari ukarudi pale pale. Kwa nini? Gunia lilikuwa lile lile. Sote twaijua lumbesa: gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa wavu juu, likaongezwa tena, mpaka lapita kilo 100. Mnunuzi analipa gunia moja, mkulima analia, na mbebaji analipwa kwa gunia, si kwa kilo. Shingo ya mtu ndiyo inayolipa ile ziada.

Na sheria iko. Sheria ya Mazao ya mwaka 2013 inasema kifungashio kisizidi kilo 50, na kanuni za viazi za mwaka 2019 zikasema vivyo hivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumbebesha mtu mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumwumiza, nayo inataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Ukiumia kazini, mwambie mwajiri siku ile ile, mbele ya shahidi, naye ana siku 7 za kumpelekea Mkurugenzi habari. Na aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu, katika kila mwaka. Wangapi hapa waliwahi kuzipata? Naona mikono miwili.

Nasikia kuna mwajiri mmoja aliyesikia habari za mipira hii akasema ni jambo jema, atawanunulia watu wake. Na anunue, hatukatai. Lakini siku anayoleta mipira alete na mizani.

Halmashauri imekubali tuazime mizani ya kupimia. Kuanzia Jumatatu, kila kundi la wabebaji lipime magunia matano kwa siku, liandike tarehe, saa, mahali, na kilo. Msiandike majina ya wenzenu, andikeni uzito tu. Karani atakusanya makaratasi kila Jumamosi jioni, na mkutano ujao tutayasoma hapa kabla ya kuandika barua.

Mipira iko kumi na minne, nanyi mko zaidi ya arobaini, kwa hiyo tutapokezana. Ukuta wa upande huu hauna misumari. Mzee wa machinjioni aanze, maana tangu nimeanza kusema namwona anajishika bega.