INJINI YA BOTI INAKUNYWA MAJI

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo.)



Boti yetu inavusha ndizi, maharage, watoto wa shule na wagonjwa. Injini ikizima katikati ya Ruvuvu, mto haungoji fundi. Unatuchukua kuelekea Kagera na maporomoko ya Rusumo. Kwa hiyo habari hii si ya dereva peke yake.

Gari lina rejeta, maji yale yale yanazunguka. Injini yetu haina. Inakunywa maji ya mto, inayapandisha kwenye silinda, kisha inayatema. Anayenyonya ni pampu iliyo chini, juu kidogo ya gia. Ndani yake mna kigurudumu cha mpira chenye mapanga, mafundi wanakiita impela. Dalili ya uzima ni ule mchirizi wa maji pembeni. Ukikatika, zima injini! Usiseme "ngoja nifike ng'ambo". Pistoni itakwama, na bei yake mnaijua. Wala usiimwagie maji baridi, chuma cha moto kinaweza kupasuka. Shika kasia.

Tuanze na rahisi. Inua injini, toa majani, gugu maji na mifuko ya plastiki (ilipigwa marufuku mwaka 2019, lakini mtoni bado ipo). Halafu choma tundu la mchirizi kwa uzi mnene wa nailoni. Mara nyingi pampu ni nzima, tope tu limeziba.

Ikikataa, fungua. Tenganisha fito ya gia, legeza bolti, vuta mguu wa chini wima bila kuupindisha. Fungua kifuniko cha pampu. Mapanga yakiwa yamekauka, yamepinda au yamekatika, impela imekwisha. Hesabu vipande! Panga lililokatika hupanda na maji na kuziba bomba juu. Usipolitafuta, impela mpya haitakusaidia kitu. Kile kipini kidogo cha chuma kwenye shafti usikipoteze. Impela mpya ipake maji ya sabuni, uiingize huku ukizungusha shafti upande inakozunguka injini, ili mapanga yalale sawasawa. Ukimaliza, jaribu ndani ya pipa, maji yafunike matundu. Injini kavu, hata kwa sekunde chache, inaunguza mpira.

Wenzetu wa pwani wanasumbuliwa na chumvi. Sisi adui ni mchanga na tope. Ruvuvu wakati wa masika ni kama chai ya maziwa. Na ndugu wa Biharamulo wanaofuata sangara Chato, wakikaribia mwalo kwenye maji mafupi wazime, wasukume kwa pondo. Kitabu cha injini kinaweza kusema mwaka mzima. Kwa maji yetu tuikague kila miezi sita.

Impela ya akiba inunuliwe kabla ya rangi ya boti. Tulilisema, tunalirudia.

Jumamosi saa 3 asubuhi tutaifungua pampu hapa ghalani, mbele ya wote. Pipa lipo. Spana namba 10 na 12 hazipo. Aliye nazo azilete.