Nani Anaitunza Karatasi ya Fundi?

Ndugu wasikilizaji, wiki hii napenda tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatujapata kukiona, lakini kila siku tunakitegemea. Nacho ni karatasi ya maelekezo ambayo kompyuta huifuata inapojenga programu, na khasa programu zile zenye kazi ya kutenga, yaani kuizuia programu moja isiingie katika chumba cha nyingine. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya wataalamu. Nawaomba wanivumilie, maana nitaanzia Fumba, na Fumba sote tunaijua.

Tangu mwaka 1980, umeme wa Unguja umekuwa ukivuka bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, na kupanda nchi kavu Ras Fumba. Kwa karibu miaka thelathini tuliwasha taa, tukapiga pasi na kuvuta maji bila ya kuuliza waya ule una hali gani. Mwezi wa Mei 2008 njia ile ikaharibika, na Unguja ikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na safari hii giza likadumu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Watu walihangaika na ndoo kutafuta maji, kwa sababu pampu nazo hula umeme. Wenye uwezo walinunua majenereta; wasio na uwezo walirudi kwenye kandili. Mwaka 2013 ukazinduliwa waya mpya wa megawati 100, kwa msaada wa Marekani. Waya wa Fumba ukawa gumzo la kila baraza, lakini baada ya kukatika, si kabla.

Sasa Fumba imepata kazi nyingine. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza mpango wa Silicon Zanzibar, wa kuyavuta makampuni ya kompyuta yaje kuweka ofisi katika mji mpya wa Fumba. Mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha India kikafungua tawi lake Bweleo, jirani kabisa na hapo, na kuanza kufundisha sayansi ya data na akili bandia. Vijana wanakaa mbele ya kompyuta pale ambapo wazee wao walikuwa wakishusha samaki. Ni jambo la kufurahisha, nami ninalifurahia. Lakini linanirudisha kwenye swali la waya. Programu hizo wanazoziandika zinasimama juu ya nini? Na nani anayekiangalia hicho kinachozibeba?

Tuanze na hili la kutenga. Mtu wa Mjini halihitaji kuelezwa sana. Tazama kisiwa cha Changuu, pale mbele ya Forodhani. Jengo lake lilijengwa katika miaka ya 1890 liwe gereza, lakini halikutumika kwa wafungwa, likafanywa karantini. Abiria waliofika na vyombo kutoka mbali waliwekwa pale kwanza, ili kama wana maradhi, maradhi yaishie kisiwani yasivuke kuja Mjini. Karantini haikuwa adhabu. Ilikuwa njia ya kuiwezesha bandari kuendelea kupokea vyombo bila ya mji mzima kuugua.

Ndani ya kompyuta mambo ni hayo hayo. Programu nyingi huendeshwa kwa wakati mmoja, na mojawapo ikiingiliwa na mwizi, haifai mwizi huyo apate nyumba nzima. Mafundi wa mfumo wa Unix walianza mwaka 1979 na amri iitwayo chroot, inayoifanya programu ione sehemu moja tu ya mafaili na kudhani ndiyo dunia yote. Machi 2000, mfumo wa FreeBSD ukatoka na kazi ya Poul-Henning Kamp, raia wa Denmark, iitwayo jail, yaani jela. Hapo programu hupewa si mafaili yake tu, bali pia watumiaji wake na anwani yake ya mtandao, ikafungiwa humo. Mwaka 2021 kiini cha Linux nacho kikapata uzio uitwao Landlock, ambao programu hujifunga nao yenyewe kabla ya kuanza kazi za hatari. Na simu ya Android uliyonayo mfukoni, msikilizaji, huipa kila programu chumba chake, ili mchezo wa mtoto usiweze kuchungulia programu unayotumia kutuma pesa.

Basi vyumba vipo, kuta zipo. Lakini nani anamwambia mjenzi kwamba hapa aweke ukuta? Ni ile karatasi.

Programu huandikwa kwa maneno yanayosomeka na binadamu, kisha hujengwa ili kompyuta iielewe. Kazi ya ujenzi ina hatua nyingi: faili lipi litangulie, lipi liunganishwe na lipi, maktaba gani iletwe. Mwaka 1976 Stuart Feldman, wa maabara za Bell huko Marekani, alitengeneza programu iitwayo make, inayosoma hatua hizo kutoka katika faili moja na kuzitekeleza. Tangu hapo karibu kila programu kubwa huja na faili lake la ujenzi, la make au la mmoja wa wajukuu zake.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nilimwomba kijana mmoja anayeijua kazi hii anionyeshe faili la ujenzi la ile jela ya FreeBSD. Nilitazamia kitabu. Nilichokiona ni mistari michache tu: jina la programu, orodha ya mafaili yake, kurasa za maelezo, maktaba inazozihitaji. Yote yangeenea kwenye karatasi moja ya daftari la skuli. Tena kijana yule akaniambia kwamba katika faili la make, mstari wa amri lazima uanze na alama ya tabo. Ukiweka nafasi za kawaida, ambazo kwa macho hazina tofauti yoyote, ujenzi unakwama. Nikaelewa kwamba hapa tunazungumzia kazi ambayo kitu kisichoonekana kinaweza kuiharibu.

Hilo si la kufikirika. Limetokea mwaka 2024, na limeponea chupuchupu.

Iko programu iitwayo xz, ya kubana mafaili ili yachukue nafasi ndogo. Imo katika karibu kila kompyuta ya Linux duniani. Kati ya maandishi yake kuna faili la ujenzi ambalo, kabla ya kujenga, huuliza: je, mfumo huu una uzio wa Landlock? Namna ya kuuliza ni kujenga programu ndogo ya majaribio. Ikijengeka, jibu ni ndiyo, na uzio unawekwa. Ikikataa kujengeka, jibu ni hapana, na kazi inaendelea bila ya uzio, kimya kimya. Tarehe 26 Februari 2024, katikati ya programu hiyo ya majaribio, kwenye mstari wake peke yake, ikatiwa nukta moja. Ndiyo, ndugu msikilizaji, nukta, kama ile inayomaliza sentensi. Nukta hiyo haina maana mahali pale, kwa hivyo jaribio haliwezi kufaulu katika kompyuta yoyote ile. Kila fundi atakayejenga kwa karatasi ile atapata jibu la hapana, na nyumba itasimama bila ya ukuta. Na maelezo yaliyoambatana na badiliko hilo yalisema kwamba linarekebisha kipimo cha Landlock!

Aliyeitia alijiita Jia Tan. Jina lake la kweli halikupata kujulikana. Na nukta ilikuwa sehemu ndogo tu ya mpango wake. Mlango wa siri wenyewe aliupitisha kwa faili jengine la ujenzi, lililokuwamo katika kifurushi kilichogaiwa kwa watu lakini halikuwamo katika ghala la wazi ambalo kila mtu huweza kulikagua. Faili hilo lilichukua sumu iliyofichwa ndani ya mafaili ya majaribio, likaichanganya na programu wakati wa ujenzi. Lengo lilikuwa kumwezesha mwenye ufunguo maalumu kutoa amri katika kompyuta za watu wengine, akipitia programu ya SSH, ambayo mafundi huitumia kuingia katika kompyuta za mbali. Fikiria mabenki, mahospitali na ofisi za serikali.

Tulisalimika kwa sababu ya mtu mmoja. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa SSH kunachelewa kwa kiasi cha nusu sekunde. Mwengine angesema ah, mashine imechoka. Yeye akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akaitangazia dunia. Matoleo yaliyotiwa sumu yalikuwa yameshafika katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, yakisubiri kuenea. Siku iliyofuata, mwanzilishi wa xz akaiondoa ile nukta.

Mwanzilishi huyo ni Lasse Collin, wa Finland, na hapa ndipo palipo na somo. Aliitunza programu ile kwa miaka mingi, karibu peke yake, bila ya mshahara. Mwaka 2022 watu wakaanza kumsukuma: mbona masahihisho yanachelewa, mbona hutafuti msaidizi? Akajibu kwamba afya yake haimruhusu kufanya mengi, na akawakumbusha kuwa kazi ile ni ya kujitolea. Kati ya waliojitokeza kusaidia akawamo huyo Jia Tan, mpole, mwenye bidii, mwenye subira. Alifanya kazi nzuri mpaka akaaminiwa. Makampuni makubwa ya dunia yalikuwa yakiitumia xz usiku na mchana. Ila mtu mwenye nia mbaya ndiye aliyejua thamani ya kumshika mkono mtunzaji aliyechoka.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, tena wazi. Kilichokosekana ni macho ya kulisoma.

Katika FreeBSD, programu za nje ya mfumo wenyewe zimewekwa kila moja na faili lake la ujenzi, na katika kila faili kuna mstari wa kuandika anwani ya mtunzaji. Asipokuwapo, huandikwa anwani ya jumla, ya watu wote. Programu za namna hiyo zipo nyingi. Sisi tunajua maana yake: cha wote, hakina mwenyewe.

Sasa nirudi kwa vijana wetu wa Fumba na Bweleo, na kwa wakubwa wanaowaalika wawekezaji. Kila siku nasikia tukijisifu kwamba tutatengeneza programu mpya. Vyema. Lakini nchi haijengwi na waanzilishi watupu. Inajengwa pia na watunzaji. Ningependa kila kampuni inayopata nafuu za kodi Fumba iandike orodha ya programu za bure inazozijengea, na itoe mfanyakazi mmoja, hata kwa nusu siku kila wiki, azitunze baadhi yake kwa mshahara wa kampuni. Ningependa mwanafunzi, kabla ya kupewa shahada, awe amelisoma faili la ujenzi mstari kwa mstari na kueleza kila badiliko lililoingia kwa mwaka mmoja. Na ofisi ya serikali inaponunua programu, imuulize muuzaji: umejenga kwa karatasi ipi, na baada ya kujenga, ulihakikisha kwamba uzio umewekwa?

Atatokea mtu aseme: kwa nini kijana maskini wa Unguja afanye kazi ya bure kwa manufaa ya matajiri wa Ulaya na Marekani? Ni hoja ya haki, na ndiyo maana nimesema alipwe. Lakini na tukumbuke mambo mawili. La kwanza, nyumba hiyo nasi tunalala humo. Pesa zetu za simu na vyeti vyetu vya kuzaliwa vimo ndani ya kompyuta hizo hizo. La pili, maandishi ya Linux na FreeBSD yako wazi. Kijana wa Bweleo anaweza kuyasoma usiku huu na kutuma sahihisho kesho asubuhi, wala hakuna atakayemdai viza. Ni milango michache ya dunia iliyo wazi kwetu namna hiyo. Na anayejulikana kwa kutunza vizuri huitwa kazini, tena yenye mshahara.

Kazi ya utunzaji haina sherehe wala utepe wa kukata. Hakuna waziri anayezindua nukta iliyoondolewa. Lakini sisi watu wa Unguja, tuliokaa gizani miezi mitatu, tusihitaji kufundishwa mara ya pili gharama ya kitu kisichoangaliwa. Waya wa Fumba tuliujua ulipokatika. Karatasi ya fundi na tuijue ingali nzima.

Hadi wiki ijayo, ndugu wasikilizaji, kwaherini.