Bilioni 300 ndani ya franka moja

Wasikilizaji wa Kolwezi, nanyi wa Musumba, baada ya habari tuitazame namba moja: 300,000,000,000. Ndizo zaire za zamani zilizomo ndani ya franka moja ya Kongo. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilifanywa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikafanywa franka moja. Zidisheni, mtaipata.

Sasa tuichambue. Namba tasa zinazoigawa ni tatu tu: 2, 3 na 5. Mbili mara tano ni kumi, kwa hiyo mwaka 1998 kazi ilikuwa nyepesi: unakata sufuri tano, umemaliza. Taabu ilikuwa kwenye ile 3 ya mwaka 1993. Noti ya zaire milioni 5 ukiigawa kwa milioni 3 unapata moja na theluthi mbili. Kwa desimali, sita zake haziishi kamwe. Mama muuza unga arudishe chenji gani? Hapo mnyonge ndiye hupunjwa, na waliochagua 3 hawakumfikiria.

Ni kweli, kufuta sufuri hurahisisha hesabu na kupunguza mabunda ya noti. Lakini kwa upande wa pili, sufuri hurudi. Franka ilianza na noti kubwa ya 100. Leo kubwa ni 20,000, na shaba na kobalti yetu huuzwa kwa dola.

Sufuri zikikatwa tena siku moja, nani atapiga hesabu pamoja na muuza unga kabla ya sheria kutiwa sahihi?